Tundu la Pili Kwenye Lebo

Saa mbili na robo asubuhi Inspekta aliinama kwenye hadubini kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akaona mdudu aliyekufa.

"Naona mdudu," alisema. "Amekufa."

"Angalia miguu ya nyuma, afande."

Aliyesema hivyo alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuwachoma wadudu pini na kuwapanga kwenye droo za taasisi ile, na watu walimwita Mama Pini. Leo alisimama hatua mbili nyuma ya meza, mikono mgongoni, maana barua ya kumsimamisha kazi ilimkataza kugusa chochote mle chumbani. Kila Inspekta alipoisogeza sampuli, mabega yake yalipanda.

Inspekta akazungusha kitasa taratibu hadi picha ikatulia. Alikuwa kunguni, lakini si wale wa kitandani waliomnyima usingizi alipokuwa kuruta. Huyu alikuwa kunguni wa mimea, wa jamii ya miguu-jani, ambao mguu wa nyuma hutanuka katikati ukawa bapa kama jani lililokauka. Jani lake la kushoto lilikuwa limebanduka na kuwekwa kando juu ya kikaratasi. Pale lilipotoka palikuwa na tone la njano, gumu.

"Gundi."

"Gundi ndiyo. Si yangu. Na mdudu si wangu."

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma Mama Pini aliandika makala ya kutangaza spishi mpya ya mguu-jani: vipimo, rangi, umbo la jani, kila kitu. Katika kazi hiyo huteuliwa mdudu mmoja tu awe sampuli kuu, na jina la spishi nzima humtegemea huyo mmoja. Mtu yeyote akitilia shaka, huambiwa njoo umtazame. Juzi kamati ya taasisi ilikuja kumtazama kabla ya kuidhinisha makala. Mkuu wa idara ya wadudu, ambaye wote humwita Daktari tu, akamgusa mdudu kwa brashi laini mbele ya watu watano, na jani likadondoka mezani. Papo hapo ikasemwa kwamba Mama Pini aliokota kunguni wa kawaida akambandika majani ya mwingine.

Leo saa nne kamati ingekaa tena. Ikiamua kwamba ameghushi, makala inafutwa, Mama Pini anamwaga unga, na jalada linakwenda mahakamani. Inspekta alikuwa na saa moja na dakika arobaini na tano. Kituoni walimwita Nukta, kwa sababu hakuwahi kufunga maelezo ya mtu kabla hajaridhika kuweka nukta ya mwisho. Wakubwa wake hawakulipenda jina hilo, kwa kuwa mara nyingi nukta ilichelewa.

"Picha?" aliuliza.

"Nilipiga thelathini. Kadi ya kamera imefutwa yote."

"Na mchoro ulio kwenye makala?"

"Mchoro hauwezi kunisaidia. Tunachora upande mmoja, kisha tunaugeuza uwe wa pili. Mdudu akiwa amechanika bawa tunamchora mzima. Tunachora spishi, afande, hatumchori huyu au yule."

"Kwa hiyo mnachora mdudu ambaye hayupo."

"Tunamchora anavyotakiwa kuwa."

Inspekta akawaza kwamba kama polisi wangechora washukiwa wao kwa mtindo huo, mitaani pangebandikwa picha za watu wazuri watupu. Akarudi kwenye hadubini, lakini safari hii akamwacha mdudu na kuteremka kwenye pini. Chini ya mdudu, kwenye pini ileile, zilipangwa lebo tatu za karatasi, ndogo kuliko ukucha. Ya kwanza iliandikwa mahali na tarehe, ya pili jina la aliyemkamata, ya tatu, nyekundu, ilisema sampuli kuu. Wadudu hakuwajua. Karatasi alizijua vizuri, maana ndizo zilizomlisha miaka yote.

"Mama, lebo huwa unaitoboa mara ngapi?"

"Mara moja. Kwa nini?"

"Hizi zina matundu mawili. Zote tatu."

Mama Pini alipiga hatua mbele, akaikumbuka barua, akarudi nyuma. Inspekta akamwonea huruma, akasogea pembeni. "Njoo uangalie. Macho hayajakatazwa."

Aliangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Tundu tupu ni pana. Hilo ndilo langu. Mimi natumia pini nene, namba tatu. Hii iliyopita hapa ni nyembamba, ya zamani. Hatujanunua pini kama hizi miaka kumi."

"Na mdudu mkavu anaweza kuhamishwa kutoka pini moja hadi nyingine?"

"Ukijaribu, anapasuka kifua."

"Basi mtu alimwacha kila mdudu kwenye pini yake, akahamisha lebo tu." Inspekta alifungua daftari lake. "Huyu ni mgeni aliyevalishwa nguo za mwenye nyumba."

Furaha ya Mama Pini ilidumu kiasi cha pumzi mbili. "Watasema nimezihamisha mwenyewe."

"Watasema. Ndiyo maana namtaka mwenye nyumba. Walikuwepo wengine kama yeye?"

Badala ya kujibu, Mama Pini alichukua simu yake, akampigia mama yake mzazi na kuweka sauti ya juu. Mdudu alikuwa ametoka kwenye shamba la bibi huyo.

"Afande?" sauti ilipasuka kutoka kwenye simu. "Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Shikamoo. Ni afande, nauliza habari za mdudu."

"Marahaba. Mdudu! Mbuzi wangu walipoibwa mlisema hamna gari, leo mdudu amepata afande mzima!"

"Samahani kwa mbuzi, mama. Siku binti yako alipomkamata huyo mdudu, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje nini? Walijaa kwenye kunde zangu, wananyonya maganda mpaka yanasinyaa. Yeye kaja kunisalimia, hata kikombe cha chai hajashika, kapiga magoti kwenye matuta. Kamtia mmoja kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, anacheka peke yake kama mwehu. Nikasema mwanangu kazi imemwingia kichwani."

"Na wale wengine?"

"Nilipuliza dawa, nikafagia, nikachoma moto."

"Wote?"

"Sasa baba, ningewaacha wanimalizie kunde?"

Mama Pini alifumba macho. Alikuwa amerudi kwenye lile shamba mara tatu na wavu, na mara tatu akarudi na wavu mtupu. Katika ulimwengu mzima wa watu wenye hadubini, alijulikana mmoja tu, naye hayupo.

Saa tatu kasoro dakika kumi Inspekta alikuwa ghalani kwa mtunza makabati, mzee mfupi aliyebeba funguo sitini kiunoni na kutoa mlio kila alipopumua. Wakati mzee anatafuta daftari la kutoa funguo, Inspekta aliona kwenye droo iliyoachwa wazi bomba la gundi ya njano, limekamuliwa nusu.

"Hii ya nini, mzee wangu?"

"Ya viatu." Mzee aliinua mguu akaonyesha soli. Kweli ilikuwa imebandikwa, tena vibaya. "Kila mtu hapa anakuja kuomba. Leo kiatu, kesho mkoba."

"Nani amekuja wiki hii?"

"Nani hajaja?" Lakini jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Mwanangu, mimi nina miezi minne nistaafu. Usiniangalie hivyo."

Daftari halikumsaidia. Wiki iliyopita funguo za kabati lile alizichukua mzee mwenyewe mara nane, Mama Pini mara sita, Daktari mara tano. Kwa mpelelezi mwenye haraka, mzee alikuwa ameiva: gundi yake, funguo zake, jasho lake. Inspekta hakuwa na haraka hata pale alipotakiwa kuwa nayo. Aliomba wadudu wawili wabovu wa kufundishia wanafunzi, mmoja kwenye pini nene, mwingine kwenye nyembamba, akawaweka mezani.

"Nisaidie kitu. Toa lebo ya huyu, umvalishe huyu."

"Mimi?"

"Wewe."

Mzee aliichomoa lebo kwa kucha, akaisukuma juu ya pini nyembamba kupitia tundu lilelile. Kwa kuwa tundu lilikuwa pana, lebo ililegea, ikazunguka kama feni ya dukani, kisha ikateremka mpaka chini.

"Imekaa?" aliuliza Inspekta.

"Si unaona? Imekaa."

"Umeridhika nayo?"

"Kwani inakwenda harusini?"

Inspekta akacheka, akaandika, akaweka nukta. "Nenda kanywe chai, mzee wangu. Hukufanya wewe." Mzee hakuelewa ameokolewa na nini, ila aliondoka upesi, funguo zote sitini zikimshangilia njia nzima.

Inspekta alimchukua yule mdudu mbovu mwenye lebo iliyolegea, akapanda naye hadi ghorofa ya pili.

Ofisi ya Daktari ilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Penseli zilipangwa kwa urefu, vitabu kwa unene. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba na sauti ya mtu anayesoma wosia.

"Suala hili linaniuma," alisema. "Nimefanya naye kazi miaka kumi na minane."

"Naamini." Inspekta alimweka mdudu mbovu mezani, katikati ya penseli na kalenda. "Nisamehe, nimetoka kujifunza kubadilisha lebo. Nieleze, ulimshuku lini?"

"Tangu nilipoyaona yale majani. Yalikuwa mazuri mno." Macho yake yalishuka kwenye lebo. Ilikuwa bado inazunguka kidogo kwa upepo wa dirishani. "Spishi mpya katika jamii hii si kitu cha kuokotwa tu shambani kwa mama wa mtu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimshauri tuandike pamoja. Jina langu lingemlinda." Alikuwa ameshachukua kibanio. Hakuonekana kujua kwamba amekichukua. "Fundi hana shahada, wahariri wangemsumbua."

"Jina lako lingetangulia?"

"Ni kawaida mkuu kutangulia."

"Akakataa."

"Akakataa." Daktari aliichomoa lebo, akailaza juu ya sponji, akatafuta nafasi pembeni ya tundu la zamani, akatoboa jipya kwa sindano nyembamba. Akaipandisha tena juu ya pini. Sasa ilishika imara, sambamba na mwili wa mdudu. Ndipo mabega yake yakashuka.

Inspekta alihesabu moyoni mpaka tatu. "Kwa nini umetoboa upya?"

Daktari aliitazama mikono yake kidogo. "Lebo inayozunguka hugonga miguu ya sampuli ya jirani. Ikigonga, inavunja."

"Mtu yeyote angefanya hivyo?"

"Yeyote wa kazi hii anayejiheshimu." Alitazama saa. "Utaniwia radhi. Nina kifurushi kinachotoka kabla ya kikao. Gari la vifurushi hufika saa nne kasorobo."

Inspekta aliandika jibu lile neno kwa neno, akaweka nukta.

Mama Pini alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ameshika tama. Inspekta hakukaa.

"Swali moja. Kama ungenichukia mimi kuliko mtu yeyote duniani, na mdudu wa pekee ni wangu, ungemponda?"

Mama Pini aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Kumponda! Sampuli kuu?"

"Hata kama hakuna atakayejua?"

"Afande, akipondwa ndiyo basi, hakuna mwingine. Nani anaweza kufanya hivyo?"

"Mtunza makabati anaweza. Mimi naweza. Wewe huwezi, na nadhani kuna mwingine asiyeweza." Alishaanza kutembea. "Akimhifadhi hapa, siku moja wewe utafungua droo umwone. Basi lazima amtoe nje. Amtume kwa rafiki, makala yako ifutwe, baadaye amgundue yeye. Atakayetangulia kuchapisha ndiye mwenye spishi, au siyo?"

"Ndiyo." Sauti ya Mama Pini ilikauka. "Ndivyo ilivyo."

"Usinifuate. Wasije wakasema umegusa."

Dirisha la kutuma vifurushi lilikuwa ghorofa ya chini, karibu na lango. Karani, kijana wa kike mwenye gundi ya stempu hadi kwenye kiwiko, alikuwa tayari amesukuma boksi moja upande wa kutokea. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika thelathini na nane.

"Hilo la nani?"

"La Daktari. Mkopo kwa taasisi ya nje." Alisoma daftari. "Miguu-jani wa kawaida, kumi na wawili. Amelileta mwenyewe. Siku nyingine hutuma mtu."

"Nalifungua. Wewe ni shahidi wangu. Andika saa."

"Afande, gari likifika..."

"Litanisubiri. Andika saa."

Ndani ya boksi la nje kulikuwa na boksi la pili, na ndani ya hilo, juu ya sponji nyeupe, walisimama kunguni kumi na wawili katika safu tatu. Inspekta alihesabu mara mbili. Kumi na wawili, sawasawa na daftari. Wote walikuwa na majani miguuni, wote wa kahawia, wote wamekufa. Kwa macho yake hakukuwa na tofauti zaidi kati ya wa kwanza na wa mwisho kuliko iliyopo kati ya harage na harage. Karani alimtazama kwa huruma.

"Wapo wote," alisema karani.

"Wapo wote," Inspekta alikubali, na moyo wake ukazama.

Nje, gari lilipiga honi. Inspekta akavuta pumzi, akaamua kutowatazama wadudu kabisa. Wadudu hakuwajua. Akatazama kazi ya mikono. Kila mdudu alikuwa amesimama kwenye pini yake, na pembeni ya kila mmoja ilichomekwa pini ya ziada ili asizunguke njiani na kumgonga mwenzake. Pini moja ya ziada kwa kila mdudu. Alipita safu ya kwanza kwa kidole, bila kugusa: moja, moja, moja, moja. Safu ya pili: moja, moja.

Wa saba alikuwa na nne. Mbili kila upande, na chini ya tumbo lake kipande cha pamba kilichokatwa kwa mkasi kikamwenea sawasawa, kama mtoto aliyelazwa na mama mwenye wasiwasi.

"Mwambie dereva aende," alisema Inspekta. Alitamani kuimba, lakini karani angesimulia mji mzima.

Saa nne kamili kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano. Mwenyekiti, mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi na miwani iliyofungwa kamba, aliketi kichwani mwa meza pamoja na wajumbe wanne. Daktari alikuwa kulia kwake, na hadubini ikawekwa kando. Mama Pini alipewa kiti cha mwisho, karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye hatarajiwi kukaa sana. Inspekta aliingia na boksi. Rangi ya Daktari ilibadilika, ila sauti yake haikubadilika.

"Hiyo ni sampuli ya mkopo, Inspekta. Umechelewesha mali ya taasisi."

"Nimeichelewesha, kweli. Mwenyekiti, niruhusu dakika tano." Alifungua kifuniko. "Daktari, hawa wote ni wa kawaida?"

"Wa kawaida kabisa. Orodha ipo."

"Makabati yenu yana wangapi kama hawa?"

"Mia nne, mia tano."

"Basi mmoja akiharibika hakuna atakayelia. Nataka kumtoa mmoja nimtazame jani." Inspekta alikunja mikono ya shati, akashusha kidole gumba na cha shahada, vidole vinene vya mtu aliyekamata wezi na si wadudu, juu ya mdudu wa kwanza. Mwenyekiti alikunja uso. Daktari hakutikisika. Vidole vikapita juu ya wa pili, wa tatu, wa nne. Daktari alikuwa anatazama dari. Wa tano. Wa sita. Vikasimama juu ya wa saba, vikaanza kushuka.

"Usimguse!"

Daktari alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka nyuma. Chumba kizima kilisikia kiti kile.

Inspekta alirudisha mkono mfukoni. "Sita nimewapita ukitazama dari. Wa saba ana nini?"

Daktari alibaki amesimama, macho kwenye boksi.

"Ana pini nne za ziada, wenzake wana moja moja. Ana godoro. Mwenyekiti, kwenye ile sampuli iliyobanduka jani, lebo zote tatu zina matundu mawili, la zamani pana, jipya jembamba. Mtu alizitoa kwenye pini nene akazipeleka kwenye nyembamba. Mimi au mtunza makabati tungetumia tundu lilelile, lebo ikazunguka, yakaisha. Huyu hakuweza kuvumilia lebo inayozunguka. Leo saa tatu na dakika kumi na tano nimemwona Daktari akitoboa upya lebo ya mdudu mbovu wa kufundishia, bila kuombwa, huku ananieleza jinsi anavyoumia." Alifungua daftari lake akasoma: "'Yeyote wa kazi hii anayejiheshimu.' Ni maneno yake."

"Hata yeye ni wa kazi hii," alisema Daktari, akimnyooshea Mama Pini kidole. Sauti ya wosia ilikuwa imempotea.

"Ni kweli. Lakini yeye hakuleta boksi hili dirishani. Wewe umelileta kwa mikono yako, na karani ameandika saa."

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. "Mama," alimwita fundi, "njoo. Nakuruhusu kugusa."

Mama Pini alitembea urefu wote wa meza. Aliinama juu ya boksi, na alipomwona wa saba, machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta upesi kwa kiwiko yasije yakadondokea sampuli. Aliziondoa pini nne moja baada ya nyingine. Akamwinua mdudu kwa pini yake, nene, namba tatu. Kisha akaichukua lebo ya mahali na tarehe kutoka kwa yule mgeni, akailenga kwenye tundu pana, akaisukuma juu. Ilipanda ikabana. Akaipuliza. Haikuzunguka. Ya pili ikapanda. Nyekundu ikapanda. Zikakaa ngazi kwa ngazi chini ya mwenye nyumba.

"Hadubini," alisema Mwenyekiti, na wajumbe wakapanga foleni kama watoto wa shule. Mmoja baada ya mwingine waliona mguu unaotanuka pole pole ukawa jani, mwekundu kwenye ukingo, wenye meno matatu upande wa ndani na mawili upande wa nje. Hapakuwa na mahali palipoungwa wala gundi. Mguu ulikuwa umekua hivyo wenyewe, katika shamba la kunde, bila msaada wa mtu.

"Mungu wangu," alisema mjumbe wa tatu, ambaye maisha yake yote alikuwa amesoma konokono tu. "Ni mzuri."

Daktari aliokota kiti chake, akakaa, akaviweka vidole vyake vyembamba mezani na kuvitazama kana kwamba vimemsaliti. "Nilitaka atangazwe na mtu anayeweza kumweleza vizuri," alisema polepole. Inspekta alimgusa begani, akamwambia waongee vizuri kituoni, akamkabidhi kwa askari aliyekuwa akingoja nje.

Kikao hakikuchukua muda tena. Barua ya kusimamishwa kazi ilichanwa na Mwenyekiti mwenyewe, vipande vinne. Makala ikarudishwa mezani ili iidhinishwe na kupelekwa siku hiyohiyo. Likabaki jambo dogo, alisema mjumbe wa fedha na utawala, akikohoa. Kwenye nafasi ya mwandishi, kwa kuwa mwenzetu ni fundi, isingekuwa busara kuandika jina la taasisi? Au la Mwenyekiti, kwa heshima?

Inspekta, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, aliacha kukizungusha.

"Hapana," alisema Mama Pini.

Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, nimeandika lebo elfu tisini humu ndani. Kila moja ina jina la aliyekamata, jina la aliyetambua, jina la aliyetoa fedha. Huyu nimemkamata mimi. Nimempima mimi. Nimemchora mimi, usiku na mchana. Nitaandikwa mimi, au makala nairudisha nyumbani."

Mjumbe wa fedha na utawala alitazama karatasi zake. Mwenyekiti hakumtazama hata kidogo. Alichukua kalamu yake mwenyewe, akaisukuma juu ya meza.

"Andika."

Mama Pini aliandika kwa herufi ndogo za mtu wa lebo, zilizonyooka, majina yake matatu. Mwenyekiti akaigeuza karatasi, akasimama, akasoma kwa sauti kwa ajili ya kumbukumbu za kikao: spishi mpya, sampuli kuu dume, imeelezwa na, kisha yale majina matatu, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama yanavyosomwa majina ya watu wakubwa.

Mlangoni alikuwa amejitokeza mtunza makabati, kikombe cha chai mkononi, amevutwa na kelele. Alimwegemea Inspekta, akamnong'oneza kwa nguvu kiasi cha chumba kizima kusikia.

"Huyo nani tena? Wametuletea mtaalamu mpya?"

"Ni mimi, mzee," alisema mwanamke aliyesimama mezani. "Ni mimi huyo."